Mbwa Aliyefundishwa Kula kwa Kila Mkono

Siku ile mliponisaidia kuchimba shimo nyuma ya mabanda pale kazini, mliniuliza mbwa wangu Soksi amekufa kutokana na nini. Nikawaambia ni uzee. Mlivua kofia, mmoja wenu akasema afadhali amefia nyumbani, nami nikaendelea kufukia. Sasa nimestaafu. Keki nimekata, hotuba nimesikiliza, na ile saa ya ukutani mliyonizawadia imeshasimama. Sina tena sababu ya kuficha. Soksi hakufa kwa uzee. Alipewa sumu, na aliyempa ni jirani yangu. Ili mwelewe alivyoweza kumpa, itabidi niwarudishe nyuma, kwa kuwa nyinyi wenyewe mnajua mbwa wetu hawapewi sumu hivi hivi.

Niliingia kazi hii kwa sababu nyingine hazikupatikana. Nilitoka Bungoma nikiwa kijana, nikafikia kwa binamu yangu Mukuru kwa Njenga, nikawa nasimama kwenye mageti ya viwanda kila asubuhi pamoja na wenzangu tukisubiri kuitwa kibarua. Siku moja akaja karani wa kampuni ya ulinzi akauliza nani haogopi mbwa. Nikainua mkono. Ukweli ni kwamba mbwa niliwaogopa sana, lakini njaa niliiogopa zaidi.

Nilidhani nitakabidhiwa mbwa siku hiyo hiyo. Mkuu wa mabanda, Mzee Kilonzo, alinikabidhi fagio na karai. Nyinyi hamkumkuta kazini. Alikuwa mtu mwembamba wa Kitui, mchache wa maneno, aliyetembea polepole kana kwamba kuna mtoto amelala karibu. Kwa majuma mengi nilizoa kinyesi na kupika ugali wa mbwa, ule wa unga, matumbo na omena. Mara ya kwanza nilitia chumvi kama ninayepikia watu. Mzee akaonja, akatema, akasema, "Wekesa, hawa hawana harusi."

Alinifundisha kumsoma mbwa kuanzia nyuma kuja mbele. Watu wote hutazama meno, alisema, na meno ndiyo habari inayofika mwisho. Tazama miguu ya nyuma imekaaje, tazama mgongo, halafu masikio. Ukifika kwenye meno umeshachelewa. Alinionyesha namna ya kuipaka mafuta kamba ya ngozi isikatike, na namna ya kuvaa ule mkono wa gunia na turubai ambao mbwa hufundishiwa kuuma. Kovu mnaloliona kwenye kiwiko changu, ambalo supavaiza wenu hupenda kuwaambia wageni kwamba nililipata nikipambana na majambazi, nililipata siku niliyouvaa mkono huo kwa haraka bila kufunga mshipi.

Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la chakula. Mwizi wa Nairobi hapigani na mbwa, humrushia nyama. Kwa hiyo mmoja wetu alivua yunifomu, akavaa nguo za nyumbani, akaja na kipande cha nyama choma kinachonukia hadi sisi wenyewe tukameza mate. Mbwa akinyoosha shingo, mgeni hufunga ngumi, nami nasema, "Acha." Mbwa akigeuza uso akanitazama, nampa kipande kizuri zaidi kutoka mfukoni mwangu na kumwambia, "Kula." Tulirudia hivyo kwa sura mpya na nguo mpya, wanaume kwa wanawake, mpaka mbwa akawa anageuza uso mwenyewe bila kuambiwa. "Mbwa anayekula kwa kila mtu," Mzee Kilonzo alikuwa akisema, "atauawa na mtu yeyote." Alilisema neno hilo mara nyingi hadi tukawa tunamwigiza akishatupa kisogo.

Siku ngumu zilikuwepo, na iliyonikaa rohoni ni ya mgomo. Vibarua wa kiwanda kimoja walikuwa wamekataa kuingia kazini, sisi tukapangwa getini na mbwa. Katika lile kundi nilizijua sura. Nilikuwa nimesimama nao kwenye mageti kama hayo hayo. Mama mmoja mwenye leso kiunoni alinikazia macho akasema, "Kijana, hata wewe? Wamekupa mbwa ukasahau umetoka wapi?" Hakuna aliyeumwa siku hiyo, lakini jioni hiyo sikula.

Nawaeleza haya msije mkadhani nawalaumu watu wa mitaa yetu ya Eastlands kwa kuogopa. Kwao mbwa mkubwa mweusi ni mbwa wa mwenye kiwanda, mbwa wa nyumba yenye ukuta mrefu, anayekubwekea unapokwenda kuuliza kazi ya kufua. Woga huo waliutoa mahali. Ninachowalaumu ni kingine, na kinakuja.

Soksi aliletwa mabandani akiwa bado mdogo, Rotwaila halisi, mweusi tititi, na miguu ya rangi ya kahawia kuanzia chini kama mtoto wa nasari aliyevalishwa vizuri. Mteja mmoja alilalamika kwamba mbwa wa kulinda ghala hawezi kuitwa Soksi. Usiku wa kwanza Soksi alimzuia mwizi kwenye ukuta bila kumgusa hata nguo, na malalamiko yakaisha.

Mbwa wa aina hii ana mambo mawili yaliyomponza. La kwanza ni mkia. Wanaowazalisha huukata angali mchanga, eti ni urembo. Basi mbwa mwingine akifurahi mnaona mkia. Rotwaila akifurahi hutikisa makalio yote, na asiyemjua hudhani anajiandaa kuruka. La pili ni sauti. Ukimkuna kifuani hunguruma, sauti nzito inayotoka tumboni, kama kisiagi cha unga kinachosaga mtaa wa pili. Hiyo ndiyo raha yake. Hukuegemea mguuni kwa uzito wake wote, ananguruma, amefumba macho, na mpita njia anakuombea kwa Mungu.

Nilifanya naye kazi hadi nyonga zake zikachakaa. Mnajua desturi ya kampuni: mbwa asiyeweza kazi huitiwa daktari wa kumdunga sindano ya mwisho, isipokuwa askari wake akubali kumchukua. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaribia kustaafu. Mama watoto yuko Bungoma anaangalia shamba, watoto wana nyumba zao, na chumbani kwangu nilikuwa naongea na redio. Nikamchukua.

Naishi kwenye nyumba za zamani upande wa Ziwani, vyumba vilivyozunguka uwanja mmoja, bomba moja, geti moja, kile tunachokiita plot. Siku ya kwanza kumwingiza, uwanja mzima uliingia ndani ukafunga milango. Vijana wa pale getini ndio tu waliobaki nje, nao walibaki kwa mbali.

"Niaje mzae. Hiyo dogi unaipeanga bangi ama ni pilipili?"

"Nampa ugali."

"Wacha zako! Budangu alisema hizo hulishwa nyigu ndio ziwe na hasira."

Nilimcheka yeye na huyo baba yake siku hiyo. Sikucheka baadaye nilipokuta wanawake wameacha kuchota maji mpaka nimtoe matembezi, wala niliposikia kwamba kuna maombi yamefanywa kwa ajili yake, si ya kumbariki. Ilikuwa mtoto akilia homa, ni mbwa wa Wekesa. Kuku wakipotea, ni mbwa wa Wekesa, ingawa kila mtu alimjua mla kuku wa plot ile na alikuwa anatembea kwa miguu miwili. Nilimpeleka chanjo ya kichaa, nikamvalisha kifunga mdomo. Wakasema, mnaona? Mbwa mzuri angefungwa mdomo kwa nini? Nikakitoa. Wakasema, mnaona? Ameachiliwa atumalize.

Mwenyekiti wa plot yetu ni Baba Wambui, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa tabasamu na maneno ya kupangika. Aliitisha mkutano Jumapili baada ya kanisa. Watu walisema yote waliyokuwa nayo. Ni jirani mmoja tu aliyenisemea ukweli usoni, Bi Zuhura, mama wa Kiislamu mzaliwa wa Majengo anayepika mahamri asubuhi.

"Mzee Wekesa, mimi sitaki anikaribie," alisema. "Mate yake yakinigusa lazima nijitwaharishe, na mimi naswali. Lakini ni kiumbe wa Mungu. Mfunge upande wako, mimi nitapita upande wangu, tuishi."

Wengine walimgunia kwamba yeye ndiye mwenye chuki. Nami, Mungu anisamehe, nilikubaliana nao moyoni.

Baba Wambui akatoa shauri lake. "Hapa hakuna anayemchukia mbwa. Tunaogopa tu kwa sababu hatujuani naye. Mbwa anayekula kwa mkono wako hawezi kukuuma, ama niaje? Basi Mzee atupe muda, amzoeshe. Kila nyumba itoe mtu mmoja amlishe kwa mkono mbele yetu. Akikubali, anakaa. Akikataa, Mzee utatusamehe, anaondoka."

Watu wakapiga makofi. Lilikuwa shauri la amani, na lilinitaka nivunje somo la kwanza la Mzee Kilonzo.

Nilimpigia simu Mzee, Kitui, nikamweleza. "Hao majirani," akasema, "mbwa ndiye wanayemfundisha, au ni wewe?" Nikamjibu kwamba mambo ya zamani yamepitwa, kwamba Soksi halindi tena ghala, kwamba mtu huishi na watu. Alisema sawa, akaulizia mvua ya Nairobi.

Kazi ya kumfunza mbwa kukataa ilichukua miezi. Kumfunza kukubali ilikuwa nyepesi kwa mikono na nzito kwa moyo. Nilimwita jirani mmoja mmoja. Nilimfundisha kushika kipande cha nyama kwenye kiganja kilicho wazi, kusimama ubavu, na kusema, "Kula, Soksi." Mwanzoni mbwa aligeuza uso, akanitazama mimi. Nilimgeuza nikamwambia ni sawa. Alinitazama tena. Sijui kama mbwa hushangaa, lakini ule ulikuwa mshangao. Mwishowe akala, taratibu, kwa ncha ya ulimi, kwa sababu ni mimi niliyemwambia.

Siku ya kutahiniwa, alikula kwa kila mkono. Mama mmoja aliangusha nyama, Soksi akaketi kuisubiri iokotwe. Watu wakacheka, na nilihisi furaha ambayo sikuipata hata siku ya kuandikwa kazi. Bi Zuhura hakushiriki. Aliweka makombo kwenye kopo kuukuu, akalisukuma kwa fimbo, akarudi mlangoni kwake. Baba Wambui alikuwa wa mwisho. Soksi alikula, kisha akamwegemea mguuni na kunguruma, Baba Wambui akarudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Nikamwambia hiyo ni raha. Alitabasamu, akafuta suruali.

Baada ya hapo tuliishi vizuri, au mimi niliishi vizuri. Nguo hazikuibwa tena kwenye kamba. Baba Wambui mwenyewe alileta kibao kutoka dukani kwake, akakipigilia getini: MBWA KALI. Nikamuuliza si tumekubaliana kwamba si mkali. Akasema, "Sisi tunajua. Wezi hawajui." Vijana wale wale wa nyigu wakaanza kujipiga picha naye.

Kisha binti yake Wambui akapata mchumba, na ruracio ikapangwa kufanywa pale pale uwanjani. Nyinyi mlio na mabinti mnajua mzazi anavyokuwa siku za mazungumzo ya mahari. Choo kilipakwa rangi. Mitungi ilisogezwa. Siku moja alinijia mlangoni.

"Mzee wangu, ni hii mbwa."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Lakini hao wakwe ni watu wa maana, wametoka huko mitaa ya juu. Wakiingia hapa wapate li-Rotwaila limelala getini, watajua sisi ni watu wa aina gani?"

Nilitaka kumwambia kwamba huko mitaa ya juu ndiko wanakowafuga. Niliuma ulimi. Nikamwambia siku hiyo nitamrudisha mabandani kazini, ashinde huko, mgeni yeyote asimwone. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Tumeelewana, Mzee. Wewe ni mtu wa watu."

Juma hilo hilo niliitwa ofisini kumalizia mambo ya kustaafu. Nilimwacha Soksi amelala mlangoni kwenye gunia lake, juani, kama alivyopenda kwa ajili ya nyonga zake. Niliporudi mchana, niliona kutoka getini kwamba miguu ya nyuma haikukaa sawa. Nilimsoma kama nilivyofundishwa, na sikuhitaji kufika kwenye meno.

Nilimwita daktari wa mifugo, akaja kwa bodaboda na mkoba wake, akafanya aliloweza na kutikisa kichwa. Ilikuwa sumu, na ilikuwa imeshaingia sana. Nilikaa chini, nikamkuna kifuani. Alijikokota akaniegemea, akanguruma, ile sauti yake ya raha, ikawa inakatika na kurudi. Nyuma yangu watu walikuwa wamejaa. Nikamsikia mmoja akisema, "Ona hii, hata ikikufa bado inangurumia watu." Hakuna kauli niliyowahi kusikia katika maisha yangu ikaniuma hivyo. Nilitaka kugeuka niwaeleze, lakini sikutaka kuutoa mkono wangu pale kifuani.

Watu walipotawanyika, Bi Zuhura alikuja. Alikuja karibu kuliko siku zote, akachuchumaa, na pindo la buibui lake likagusa manyoya ya mbwa. Alikuwa analia.

"Mzee Wekesa, nilimwona. Nilikuwa naosha karai langu. Baba Wambui alikuja na nyama ndani ya gazeti. Mbwa aligeuza uso, akatazama mlango wako. Yule akamwambia kula, Soksi, kula, kama ulivyotufundisha. Akala. Wallahi nilidhani ni urafiki."

Soksi alikuwa ametazama mlango wangu. Na mlango ulikuwa umefungwa.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda polisi. Nendeni nyinyi mkaripoti mbwa katika kituo chochote cha Nairobi, kisha mje mnisimulie. Baba Wambui alikuja jioni kunipa pole, akasema labda ameokota kitu kwenye takataka, unajua wanyama. Nilimtazama mikono. Nilimbeba Soksi kwa mkokoteni hadi kwenu, tukamzika alipo, nikawaambia uzee, kwa sababu niliona aibu. Haikuwa aibu ya kumpoteza. Nilikuwa nimewafundisha watu wa plot nzima, kwa subira na kwa nyama ya pesa yangu, jinsi ya kumuua mbwa wangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba wakati mwingine ni wewe unayekishonea mfuko.

Kwa hiyo kama kuna kitu nawaachia, ni hiki, na supavaiza asikiandike ukutani. Mkimchukua mbwa nyumbani, mwacheni na somo lake. Anayemwogopa mbwa wenu na kuwaambia, mfungeni upande wenu, nami nipite upande wangu, huyo hatawadhuru. Anayewaambia muondoe kinga ndipo awapende, huyo msomeni kuanzia nyuma. Nilimfunza Soksi kumsoma mwizi, nikashindwa mimi kumsoma mwenyekiti.

Siku ya ruracio nilikwenda. Mtaani kwetu asiyefika kwenye shughuli ya jirani huwa ametangaza vita, na sikutaka kumpa nafasi ya kusema mbaya ni mimi. Uwanja ulipendeza, hema jeupe, viti vya kukodi, akina mama wakiimba. Wageni waliingia kwa kupita chini ya kile kibao. Mmoja wao, mzee mwenye koti zuri, alisita akauliza mbwa mwenyewe yuko wapi. Baba Wambui akacheka. "Hiyo ni ya kutisha wezi tu. Hapa hatujawahi kuwa na mbwa."

Wakati wa chakula alinijia yeye mwenyewe, mbele ya watu wote, na sahani ya mbuzi choma, mbavu zenye mafuta, kama anavyojua ninavyozipenda. Akaniwekea mkono begani.

"Mzee wetu, pole tena kwa ile maneno. Kula basi."

Nyama ilinukia. Wakwe walikuwa wakitazama, na majirani pia, wale wote niliowafundisha. Nikageuza uso pembeni, kama Soksi alivyokuwa akifanya zamani kabla sijamharibu. Nilikaa hivyo hivyo, uso pembeni, mpaka mkono wake ukachoka na sahani ikarudi ilikotoka.